Mgonjwa Ameamkaje Leo

Machi 4
Muuguzi anayekuja kila Jumanne ameniachia daftari hili. Nitakiwacho ni kidogo: niandike kila dozi na saa niliyoimeza, kisha niyape maumivu alama, moja hadi kumi. Nimefundisha lugha miaka thelathini na mitatu na kuandika vitabu viwili vya shule, leo najazishwa namba. Nikamwambia kwamba mtu wa makamo yangu ukimpa daftari tupu, usitegemee namba peke yake.

"Bibi, jaza utakacho," akasema, "ila dozi usiniruke."

Daktari hakunificha kitu. Mvua hizi nitaziona zikianza. Kuziona zikikatika ni majaliwa.
Dozi: saa tatu, saa tisa, saa tatu. Maumivu: nne.

Machi 5
Mvua ya kwanza. Bati linavuja pale pale. Nne.

Machi 8
Kitinda, kitindamimba wangu, alihamia hapa na cherehani zake mbili miguu yangu ilipokataa. Ana miaka arobaini na mmoja, ameachana na mumewe huu ni mwaka wa sita. Anashona sebuleni, mimi nalala chumba cha pili, na mlango hatufungi. Kwa hiyo kazi yake naijua kwa masikio. Cherehani kubwa hutembea, ile ya ovaloki, ya kufunga kingo za nguo, hunguruma, mkasi hukata. Sasa hivi ana oda ya sare za shule, jozi sitini, za mwalimu mkuu mmoja mwanamke ambaye sisi humwita Mama Sare.

Siku hizi, ikikaribia saa tisa alasiri, vyote hunyamaza. Kisha namsikia akicheka kidogo, cheko la mtu anayesoma jambo tamu. Mwanamume. Mimi sina ugomvi na mwanamume, mwanangu ni mtu mzima. Ugomvi wangu ni kwamba anafichwa, na kinachofichwa ndani ya nyumba ya mgonjwa huwa kinamhusu mgonjwa.

Machi 11
Dozi ya saa tisa imekuja saa kumi kasoro robo. "Nimepitiwa, mama." Maumivu: sita.

Machi 12
Saa kumi kasoro dakika tano. Sita.

Machi 14
Saa kumi na dakika kumi. Saba na nusu, kama nusu inaruhusiwa.
Leo nimehesabu vidonge kwenye chupa alipotoka kununua vifungo. Nilitaka kujua kama anavipunguza. Nimewaza kwamba amechoka nami, kwamba anataka nyumba, kwamba huyo wa saa tisa anamshauri. Vidonge vilikuwa sawasawa. Nimeona haya, lakini sifuti. Daftari la kukiri lenye mistari iliyofutwa halifai.

Machi 18
Muuguzi amesoma daftari akiwa amesimama. "Bibi, mbona dozi za asubuhi na usiku zinakuja kwa wakati, hii ya katikati ndiyo inayotembea?"

"Muulize mwenye saa," nikasema.

Amemuuliza. Nimemsikia Kitinda akisema kengele ya simu ilikuwa imeharibika. Mtoto wangu hajui kusema uongo, hupandisha sauti mwishoni kama anayeuliza bei.

Machi 19
Leo nimemwita kabla hajanyamazisha cherehani.

"Nani huyo wa saa tisa?"

"Mama, unanifuatilia kama mwanafunzi wa bweni."

"Nimelala chali siku nzima. Nifuatilie nini kingine, dari?"

Akacheka, akavuta kiti, akanionyesha simu. Si mwanamume. Ni mchezo. Kuna mji wenye ukuta, na ndani ya ukuta nyumba thelathini, nao wanauita mtaa. Kila nyumba ina mwenyewe, mahali popote duniani. Kila siku saa tisa ukuta hushambuliwa, na kila mmoja ana upande wake wa kushika.

"Ukikosa wewe, inabomoka yako?" nikauliza.

"Hapana, na hapo ndipo penyewe. Nikikosa mimi, inabomoka ya mwenzangu. Ingekuwa yangu ningeshaacha zamani."

"Na aliyepanga saa tisa ni nani?"

"Wenye mchezo. Mwanzoni kwangu ilikuwa saa mbili usiku. Wakaibadilisha mwezi uliopita. Kila mtaa na saa yake."

Mwezi uliopita ndipo dozi ya saa tisa ilipoanza. Saa tisa ndipo kengele ya dawa inapolia na yeye anaposhika simu kuizima. Labda ni wivu wa mgonjwa. Lakini mwindaji hategi mtego mahali asipopita mnyama.

"Na kinachokuchekesha?"

Hapo uso wake ukalainika. "Kuna dada mmoja mle ndani. Anajiita Dada Mkubwa. Mama, huyu mtu ndugu wa damu hawamfikii. Kila siku lazima akuulizie wewe kwanza, ndipo aseme habari za mchezo. Sikiliza hii ya leo: 'Mgonjwa ameamkaje leo? Na wewe unayemuuguza, umetia kitu tumboni?'"

Nikaomba maji. Akafikiri nimebanwa na kikohozi.
Dozi: saa tisa na nusu, kwa kosa langu. Maumivu sikuyasikiliza.

Machi 20
Nimelala na sentensi ile na nimeamka nayo. Sasa niseme.

Miaka sita iliyopita, nikiwa nimestaafu na miguu yangu bado ninayo, alinipigia kijana mmoja mwenye adabu, akaniita Mwalimu. Kampuni yake ilitaka mtu wa kutia maneno ya mchezo katika Kiswahili. Akaniletea jedwali la safu mbili. Safu ya kwanza ilikuwa na sentensi za kigeni. Safu ya pili ilikuwa na sababu ya kila sentensi. Nakumbuka baadhi: "Mchezaji hajaonekana siku mbili." "Mchezaji ana huzuni." "Mchezaji amesema anaacha." Juu kabisa kulikuwa na maelezo kwamba sentensi hizi zitasemwa na wakazi wa kujazia. Mtaa ukipungukiwa watu, wanaujaza kwa nyumba zisizo na mwenyewe, na nyumba hizo huzungumza.

Nilisoma maelezo hayo. Sikuruka mstari. Mtu atakayesema kwamba Mwalimu alidanganywa, mwambieni hapana.

Ningeweza kutafsiri na kunyamaza. Sentensi zao zilikuwa baridi kama tangazo la kukatwa maji: "Rudi sasa, wenzako wanakuhitaji." Mswahili gani atarudi kwa hiyo? Lakini majivuno ya ualimu ni ugonjwa, na huo nao haukuwa na dawa. Nikawaandikia barua ya kurasa mbili. Nikawaambia kwamba kwetu mtu haanzi na haja yake, anaanza na hali. Ukitaka usikataliwe, uliza kwanza mgonjwa. Hakuna nyumba isiyo na mgonjwa, na kama hana atasema "hatujambo, tunashukuru", na akishasema hivyo ameshajibu, na aliyejibu mara moja atajibu mara ya pili. Muulize kama amekula. Anayeuguza haulizwi hilo na mtu. Na akisema anaondoka, usimzuie, mwambie aje kesho kuaga.

Walitupa sentensi zao zote wakaniomba nitunge zangu. Nilitunga mia moja na kumi na mbili, kwenye meza ile ambayo leo Kitinda anakatia vitambaa. Hiyo ya mgonjwa ni ya arobaini na moja. Baadaye yule kijana aliniandikia kwamba wachezaji wa Kiswahili wanajibu kuliko wa lugha nyingine zote. Barua hiyo niliisoma mara nyingi. Sikumsomea mtu.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo limenijia alfajiri. Katika kulea watoto wanne sikumbuki kumuuliza hata mmoja wao kama amekula. Niliwauliza kama wamemaliza kazi ya shule. Upole ule wote, sentensi mia moja na kumi na mbili, ulikuwa umekaa mahali fulani ndani yangu. Nilikuja kuutoa kwa watu nisiowajua, na walikuwa wameniambia utatumika kufanya nini.

Machi 21
Mvua kutwa. Sijasema. Tano.

Machi 22
Sijasema.

Machi 24
Nawaza hivi. Nikinyamaza, nitakufa nimemwachia mwanangu nyumba isiyo na mtu ndani, na ataisogelea zaidi nikishaondoka. Nikisema, namnyang'anya rafiki pekee aliyebaki naye, na mwizi ni mimi, na ataanza kunitazama kwa jicho lingine nikiwa nimebakiwa na siku za kuhesabu. Woga umechagua la tatu: hila. Leo nimeomba niletewe simu nisikie habari, nikauchomoa waya wa chaji, nikaulalia.

Machi 25
Saa nane simu yake ilizimika. Akaanza kutafuta, kwanza polepole. Akainua vitambaa vya sare vilivyokwisha kukatwa na kuvimwaga chini. Akaingia kwangu.

"Mama, waya umeuona?"

"Waya gani?"

Akatoka kwenye mvua bila mwavuli kununua mwingine. Nilimjua mtu huyu tangu siku aliyozaliwa, na huyo aliyetoka mlangoni sikumjua. Alirudi saa tisa kasoro dakika tano, ameloa, akakanyaga vitambaa vyeupe kwa viatu vyenye tope. Dozi sikuipata hadi saa kumi na moja. Tisa.

Wale wenye mchezo nawashuku. Lakini leo mshukiwa alikuwa amelalia waya.

Machi 27
Nimemrudishia waya. Nimesema uliangukia nyuma ya godoro. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyozoea. Kutazama kule amekurithi kwangu.

Machi 30
Mama Sare amekuja. Nilisikia yote.

"Fundi, shule inafunguliwa wiki ijayo. Jozi ngapi ziko tayari?"

"Ishirini na mbili. Na nne hivi zimebaki kola."

"Sitini ukatoa nne hivi na kola, hiyo hesabu ya wapi? Na hili tope?"

"Ni mvua, Mama."

"Mvua inanyesha ndani ya nyumba yako peke yake?" Kisha akashusha sauti. "Najua una mgonjwa. Ndiyo sababu nimekuja mwenyewe badala ya kupiga simu. Hizi ishirini na mbili nachukua. Zilizobaki nampa mwingine, isipokuwa zile nne za kola, hizo malizia wewe."

Alipoondoka hapakuwa na sauti yoyote. Baadaye nikasikia mlio wa simu, na Kitinda akivuta kamasi na kucheka kwa pamoja. Najua aliambiwa nini. Ni ya hamsini na tatu: "Siku mbaya si mwaka, dada. Ikae hapa nasi mpaka ipite."

Aprili 2
Nimesema.

Nilianza saa nne asubuhi, akiwa anadarizi jina la shule kwenye mfuko, na nilimaliza hajatia mshono mwingine. Nilimweleza jedwali, barua ya kurasa mbili, wakazi wa kujazia, arobaini na moja. Waya pia.

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Mama, dawa zimekupanda kichwani."

"Sina homa."

"Nimeongea naye miezi mitano. Anajua kwamba hupendi uji wa moto. Anajua jina la mume wangu."

"Nani alimwambia?"

Akaondoa kiganja. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Lazima hata hiki kiwe chako? Shuleni nilikuwa mtoto wa Mwalimu, kwa mume nilikuwa mtoto wa Mwalimu. Nimepata mtu mmoja asiyekujua, sasa naye umemwandika wewe."

Nane.

Aprili 3
Nimemwomba kitu kimoja: karatasi. Nikaandika sentensi tatu atakazojibu Dada Mkubwa, mkono ukitambaa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Nikaikunja, nikampa aikalie. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi, shambulio la ukuta wao lilikuwa limeshapita.

"Mwandikie kwamba leo unaacha. Usiongeze kitu."

"Na asipojibu ulivyoandika?"

"Mimi ni kikongwe anayeweweseka, na utanisamehe."

Akaandika. Jibu halikukawia, akalisoma kwa sauti: "Pole, ndugu yangu. Uchovu ukikaa na mtu siku nyingi huanza kumsemea." Akatoa karatasi, akatazama mstari wa kwanza. Sikumtazama usoni.

Akaandika tena kwamba anaacha. "Sikuzuii, dada. Nashangaa tu upande wako wa ukuta atashika nani." Mstari wa pili, neno kwa neno.

Mara ya tatu aliandika kwa kidole kimoja. Mimi nilikuwa nimeandika: "Basi njoo kesho uage tu, usiondoke kimya." Simu ikalia. Hakusoma kwa sauti. Alisoma, akasoma tena, akanipa.

"Mama atalala siku moja, na nyumba itakuwa kimya. Siku hiyo utamwandikia nani?"

"Hii nayo ni yako?" akauliza.

"Hapana."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la baba yako. Hii wamejitungia wenyewe, kwa yale uliyowaambia."

Mimi niliwafundisha kuuliza mgonjwa. Wao wakaendelea na somo mpaka kwenye kifo chake. Kama kuna mtu kule anayeandika, ni mtu wa kuogopwa. Kama hakuna mtu, sijui niogope nini.

Kitinda alichukua simu, akaiweka dirishani kama mtu anayetoa mdudu nje. Akanipa dozi. Akaenda kushona kola.

Aprili 4
Hajasema na mimi. Dozi zote kwa wakati. Tano.

Aprili 5
Vilevile.

Aprili 7
Nilimwita. "Umekula?"

Akasimama mlangoni na bakuli. "Hilo ni la ngapi?"

Angeuliza jingine lolote ningedanganya. "La kumi na sita."

Akaondoka.

Aprili 8
"Pole, mwanangu."

"La ngapi?"

"La tatu."

Aprili 9
Jana muuguzi alisema nimepungua kilo nne. Akauliza kama nina jambo. Nikamwambia nimeuza vitu fulani ambavyo sasa navihitaji. Amefikiri ni samani.

Aprili 13
Leo saa tisa cherehani ilinyamaza. Nilijua. Nikakaa nasikiliza, kama nilivyokuwa nikisikiliza mwezi uliopita, tofauti ni kwamba sasa sina wa kumshuku isipokuwa mimi. Baada ya muda akaja mwenyewe, akaketi mwisho wa kitanda.

"Nilikwenda kuona nyumba ya nani imebomoka," akasema.

"Ya nani?"

"Ya Dada Mkubwa. Siku zote hizi kumi inabomoka yake tu. Wamenitumia picha yake amekaa kwenye matofali."

"Nyumba ile haina mwenyewe."

"Najua, mama. Usinifundishe." Akashika mguu wangu juu ya shuka, bila kujua kama ameushika. "Najua, na bado nimekwenda kutazama."

Kila lililokuja mdomoni lilikuwa na namba.

Aprili 16
Mvua na radi. Nane. Hajaenda, au amekwenda kimya. Siulizi.

Aprili 19
Muuguzi aliongeza dozi Jumanne. Kuandika kunanichosha. Mistari inapanda mlima.

Aprili 22
Leo alinigeuza ili abadili shuka. Alikuwa ananiinua kwa mkono mmoja na kuvuta kwa mwingine, na kiwiko chake kikanichoma ubavuni, mahali pabaya kabisa.

"Toa kiwiko," nikasema. "Umekuja kuniuguza au kunipasua? Na hili pindo la shuka nani amelishona, kipofu? Limekwenda kama njia ya mlevi. Ungekuwa mwanafunzi wangu ungelifumua lote."

Akasimama, shuka mkononi.

"Hilo la ngapi?"

Nikafikiri. Nilifikiri kwa uaminifu, nikazipitia zote mia moja na kumi na mbili.

"Halimo," nikasema.

Akaanza kucheka. Hakikuwa kile kicheko kidogo cha saa tisa. Alicheka mpaka akaketi juu ya miguu yangu, nikamwambia ainuke, ana uzito kama gunia la saruji, na hilo nalo halikuwamo, akazidi. Alipomaliza alikuwa analia, na sikujaribu kumtuliza. Sikuwa na cha kumtulizia.

Akatoka, akarudi na kiti, na zile sare nne za Mama Sare zilizochelewa, sasa zimebaki vifungo, na kopo la vifungo.

"Nikae hapa?" akauliza.

"Utakaa kwenye mwanga au utatunga uzi kwa kupapasa?"

Akasogea dirishani. Akatunga uzi.

"Sasa niseme nini?" nikamuuliza. Nilikuwa nauliza kweli.

"Nigombeze tu, mama. Hayo yako mwenyewe, hukumpa mtu."

Basi nimemgombeza. Nilianza na mgongo wake, anavyokaa ameinama kama anayeokota. Nikaja kwenye viatu vya tope. Nikafika kwenye ndoa, kwamba aliikimbilia ili atoke kwangu, na hapo akasema ni kweli, nikasema najua ni kweli, mimi ndiye niliyekuwa ndani ya nyumba aliyoikimbia. Akauma uzi kwa meno, nikamgombeza kwa hilo pia, ana mkasi. Ndipo nikafika kwenye kola.

Saa tisa kengele ikalia. Akaizima, akanipa vidonge na maji, akanifuta kidevu. Simu ikatetemeka tena mkononi mwake, si kengele. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko ningependa. Kisha akaigeuza kifudifudi kwenye kopo, juu ya vifungo, akachukua sindano.

"Endelea," akasema. "Ulikuwa umefika kwenye kola."